Sudan Kusini na Somaliland: madai yapi ya kujitenga yana uzito zaidi?

Tarehe 9 Julai 2011 bendera ya Sudan Kusini ilipandishwa Juba, kwenye viwanja vya kaburi la John Garang, kiongozi wa vita vya Kusini, na sisi tulioifuata sherehe ile kwenye televisheni za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam tulishangilia kama ya kwetu. Siku tano baadaye nchi ile ilikuwa mwanachama wa 193 wa Umoja wa Mataifa. Miaka 20 kabla yake, tarehe 18 Mei 1991, wazee wa koo na viongozi wa SNM, waasi wa kaskazini waliopigana na serikali ya Siad Barre, walikutana Burao, mji uliokuwa umebomolewa kwa mabomu, wakatangaza kwamba Somaliland imejitoa katika muungano wake na Somalia. Hao hawakushangiliwa na mtu. Kwa zaidi ya miaka 30 iliyofuata, hakuna nchi hata moja mwanachama wa Umoja wa Mataifa iliyowatambua.

Nayaweka madai haya mawili pamoja kwa sababu kila linapozuka vuguvugu la kujitenga, hoja ya kwanza huwa ni ileile: sisi na wao si watu wamoja. Lugha yetu mbali, dini mbali, siasa mbali. Tuliisikia Mombasa na Kilifi enzi za "Pwani si Kenya". Anayetaka kuamua amuunge mkono nani lazima kwanza ajue hoja hiyo inabeba uzito gani, na kesi hizi mbili zinafaa kuipima kwa kuwa zimepishana kabisa. Sudan Kusini ilikuwa na tofauti za kila aina na Khartoum. Somaliland karibu haina tofauti yoyote ya utamaduni na Mogadishu.

Msimamo wangu nausema mapema ili msomaji ajue anabishana na nani. Tofauti za utamaduni hazimpi mtu haki ya kuvunja nchi. Haki hiyo huja pale serikali inapovunja ahadi iliyowaunganisha watu, ikaivunja kwa silaha, na njia za kati, kama mamlaka ya ndani, zikawa zimejaribiwa zikashindwa. Kuhusu kama uhuru utadumu, hilo ni swali jingine, na jibu lake liko kwa wanaoondoka wenyewe: wamepatana namna gani kabla ya kufunga mizigo?

Tofauti za watu

Kwa kipimo hiki Sudan Kusini haina mpinzani. Kaskazini kulikuwa na Kiarabu na Uislamu. Kusini Wadinka, Wanuer, Washilluk, Wazande, Wabari na makabila mengine mengi, wakifuata dini za jadi na, kadiri miaka ilivyokwenda, Ukristo. Katikati yao palikuwa na kumbukumbu ya karne ya 19, misafara ya kuteka watumwa ikishuka kutoka Kaskazini. Sisi wa mwambao hatuhitaji kufundishwa kumbukumbu kama hiyo inavyokaa kati ya majirani, vizazi vinne baadaye, hata pale ambapo hakuna anayeitaja.

Lakini tofauti ile ilizungushiwa ua pia. Waingereza walitunga sheria ya wilaya zilizofungwa mwaka 1922, wafanyabiashara wa Kaskazini wakahitaji kibali kuingia Kusini, wamisionari wakagawiwa maeneo ya kuendesha shule, Kiingereza kikapewa nafasi na Kiarabu kikazuiwa. Kisha, Juni 1947, kwenye mkutano wa Juba, watawala walewale wakageuka na kusema pande mbili hizi zitakuwa nchi moja. Watu waliotenganishwa kwa sheria kwa robo karne waliunganishwa kwa mkutano mmoja.

Ukija Somaliland, kipimo hiki kinaanguka. Lugha ni Kisomali, dini ni Uislamu wa Kisuni, mashairi yanayokaririwa Hargeisa yanakaririwa Mogadishu, na ngamia ni ngamia. Kuna koo, naam: Isaaq katikati na ndio wengi, Gadabuursi na Issa magharibi, Dhulbahante na Warsangeli mashariki. Ila koo ziko Somalia nzima. Kilichowatofautisha ni wakoloni: kaskazini Mwingereza, kusini Mtaliano, na kwa hiyo sheria tofauti, lugha ya ofisi tofauti, hata ushuru wa forodha tofauti.

Hapa ndipo hoja ya utamaduni inaponitia wasiwasi hasa. Ni hoja hiyohiyo, ya lugha moja na dini moja, iliyowasukuma viongozi wa Somalia kudai Ogaden kutoka Ethiopia na iliyoishia kwenye vita vya 1977 na 1978. Ni hiyohiyo iliyoleta vita vya shifta kaskazini mashariki mwa Kenya kuanzia 1963, baada ya tume ya Waingereza ya 1962 kukuta kwamba wakazi wengi wa eneo lile walitaka kujiunga na Somalia na matakwa yao yakawekwa kando. Nyota yenye pembe tano kwenye bendera ya Somalia ilisimama kwa ajili ya maeneo matano yenye Wasomali, na matatu kati ya hayo hayakuwa chini ya Mogadishu. Kwa hiyo utamaduni unaweza kutumika kuivunja nchi na unaweza kutumika kuivamia ya jirani. Kipimo kinachotoa majibu mawili yaliyopingana namna hii sikiamini.

Ahadi zilizovunjwa

Hapa ndipo pa kukaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo kesi ya Sudan Kusini inapopata nguvu yake halisi. Mwaka 1954 nafasi zipatazo 800 walizokuwa nazo Waingereza serikalini ziligawiwa Wasudani, na watu wa Kusini waliopata hawakufika kumi. Agosti 1955 askari wa Kusini waliasi Torit. Desemba mwaka huohuo, wabunge wa Kusini walikubali kupiga kura ya uhuru wa Sudan baada ya kuahidiwa kwamba ombi lao la serikali ya majimbo litafikiriwa kikamilifu. Uhuru ukaja tarehe 1 Januari 1956. Ombi la majimbo likatupwa, na baada ya jeshi la Jenerali Abboud kuchukua nchi mwaka 1958, shule za Kusini zikaanza kulazimishwa Kiarabu na Uislamu. Hiyo ndiyo ahadi ya kwanza.

Ya pili ni ya Addis Ababa mwaka 1972, na ndiyo ninayoiona muhimu kuliko zote. Baada ya miaka 17 ya vita, Rais Nimeiry alisaini na Anyanya, waasi wa Kusini, mkataba uliowapa Kusini mamlaka ya ndani: bunge lao Juba, baraza lao la utendaji, Abel Alier akiwa kiongozi wake wa kwanza. Haikuwa kamili. Lakini ilifanya kazi, bunduki zikanyamaza karibu miaka 11. Kisha mafuta yakapatikana karibu na Bentiu, Khartoum ikajaribu kuchora upya mpaka ili visima viangukie upande wake, na mwaka 1983 Nimeiry mwenyewe, aliyesaini, akaigawa Kusini vipande vitatu na kutangaza sharia kuwa sheria ya nchi nzima. Mtu anayesema watu wa Kusini hawakutaka kamwe kuishi na Kaskazini asome miaka ile 11.

Garang naye, alipoanzisha SPLM, chama cha wapiganaji wa Kusini, mwaka 1983, hakudai kujitenga. Alidai Sudan Mpya, nchi moja ambayo Mdinka, Mnuba, mtu wa Darfur na mtu wa Khartoum wote ni raia sawa, na wapo wapiganaji wake waliomgombeza kwa hilo. Haki ya kupiga kura ya kuondoka ilikubaliwa Machakos, Julai 2002, mbele ya msuluhishi wa Kenya, Jenerali Lazaro Sumbeiywo, ikaingia katika mkataba wa amani uliosainiwa Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Mkataba uliipa Khartoum miaka sita ya kuufanya muungano uvutie. Hiyo ilikuwa ahadi ya tatu. Garang alikufa kwenye ajali ya helikopta Julai 2005, na pamoja naye ikafa sauti kubwa ya umoja. Kura ilipopigwa Januari 2011, asilimia 98.83 walichagua kuondoka.

Somaliland haina mlolongo kama huo. Yenyewe ina kasoro ya mlangoni. Ilipata uhuru wake kutoka Uingereza tarehe 26 Juni 1960 na ikaishi kama nchi siku tano tu, kwani tarehe 1 Julai iliungana na eneo lililokuwa chini ya Italia. Bunge la Hargeisa lilikuwa limepitisha sheria yake ya muungano na Mogadishu ikaandaa yake, na matini zile hazikulingana. Katiba ya pamoja ilipopelekwa kwa wananchi Juni 1961, wengi wa waliojitokeza kaskazini waliikataa, huku wengine wakisusia, lakini kura za kusini zikawafunika. Mji mkuu ulikuwa Mogadishu, rais wa kusini, waziri mkuu wa kusini.

Haki itendeke lakini: Mohamed Haji Ibrahim Egal, mtu wa kaskazini, alikuwa waziri mkuu wa Somalia yote kuanzia 1967 hadi mapinduzi ya Siad Barre mwaka 1969. Miaka tisa ya utawala wa kiraia haikuwa miaka ya kufungiwa nje. Na tofauti na Sudan Kusini, Somaliland haikuwahi kupewa mamlaka ya ndani ikayajaribu. Kwa hiyo kwenye subira na kwenye kujaribu njia ya kati, naipa Sudan Kusini nafasi ya juu, mbali sana.

Damu

Sitaandika mengi hapa, kwa kuwa idadi za maiti zikiwekwa kwenye mizani zinaidhalilisha mizani yenyewe. Vita vya pili vya Sudan, 1983 hadi 2005, inakadiriwa viliua watu wapatao milioni mbili, wengi kwa njaa na maradhi. Kule kaskazini mwa Somalia, SNM ilipoingia Burao na Hargeisa Mei 1988, ndege za serikali ziliruka kutoka uwanja wa ndege wa Hargeisa na kuipiga Hargeisa. Rubani anaondoka, anageuza, anaangusha mabomu juu ya mji aliotoka, anatua palepale. Mamia ya maelfu walikimbilia Ethiopia. Ndege moja ya aina ile, MiG, imewekwa katikati ya mji hadi leo kama mnara wa kumbukumbu.

Ninapofika hapa humkumbuka Mwalimu Nyerere. Mwaka 1964, kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Cairo, Tanzania ndiyo iliyopeleka pendekezo kwamba nchi za Afrika ziheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru. Miaka minne baadaye, Aprili 1968, Tanzania hiyohiyo ikawa ya kwanza kuitambua Biafra, na hoja yake ilikuwa kwamba umoja hujengwa juu ya ridhaa ya watu, na Waigbo walikuwa wameacha kujiona salama ndani ya Nigeria. Wapo wanaouona huo kuwa ukigeugeu. Mimi naona mtu yuleyule akishika mambo mawili yanayohitajiana: mpaka hauguswi, isipokuwa serikali iliyo ndani ya mpaka huo inapowageuka watu wake. Kwa kipimo hicho cha Biafra, Juba na Hargeisa wote wanapita.

Mpaka na sheria

Ukiwa mtu wa sheria, hapa mizani inageuka. Somaliland haiombi mpaka mpya. Inaomba ule wa 26 Juni 1960, mpaka wa nchi iliyokuwa huru, na hivyo azimio la Cairo linaibeba badala ya kuizuia. Ujumbe wa Umoja wa Afrika uliotembelea Somaliland mwaka 2005 uliripoti kwamba kesi yake ni ya pekee na haifai kuogopwa kana kwamba itafungulia mlango kila kabila barani. Ripoti ikakaa kabatini. Kuna jambo la kuumiza hapa: Somalia ndiyo iliyokataa azimio lile la Cairo mwaka 1964, pamoja na Morocco, kwa kuwa ilitaka Ogaden na kaskazini mashariki mwa Kenya. Leo Mogadishu inasimama juu ya utakatifu wa mipaka.

Mpaka wa Sudan Kusini ulikuwa mstari wa mikoa ndani ya nchi moja, kama ulivyosimama tarehe 1 Januari 1956. Kisheria ni dhaifu kuliko wa Somaliland. Kilichouokoa ni saini ya Khartoum. Mzazi aliridhia, dunia ikaridhia, ikaisha. Somaliland ilijitoa wakati ambapo Mogadishu haikuwa na serikali ya kusaini chochote, na serikali zote zilizokuja baadaye zimekataa. Ndiyo maana nasema waziwazi kwamba kutambuliwa si kipimo cha haki. Ni kipimo cha nani alipatikana kuweka saini. Hata hiyo saini haikumaliza kila kitu: Abyei, eneo la mpakani linalogombewa na pande zote mbili, iliyotakiwa kupiga kura yake siku moja na Kusini, haijapiga kura iliyokubaliwa na pande zote hadi leo.

Wao kwa wao

Nilikuwa nikiamini, kama wengi, kwamba watu walioteswa pamoja hutoka wakiwa kitu kimoja. Sudan Kusini imenifundisha vingine, na kwa gharama isiyosemeka.

Mwaka 1991 Riek Machar na Lam Akol, makamanda wa SPLM, walijitenga na Garang, na mwezi Novemba wapiganaji wa Machar, wengi wao Wanuer, waliingia Bor na kuua raia wa Kidinka kwa maelfu. Jeraha lile halikutibiwa na dola. Palikuwa na watu waliojaribu: mwaka 1999 machifu, wazee na akina mama wa Kidinka na Kinuer walikutana Wunlit, wakasimuliana waliyotendeana, wakakubaliana juu ya malisho, maji na kurudisha mateka. Amani ya Wunlit ilishika kwenye mbuga zile. Ila viongozi walipoelekea kwenye dola, waliacha njia ya Wunlit wakachukua njia ya vyeo. Mwaka 2006 makundi ya wapiganaji waliokuwa wakisaidiwa na Khartoum yaliingizwa jeshini pamoja na makamanda wao, kila mmoja na watu wake, na mishahara yao ikawa inalipwa na mafuta, yaliyokuwa karibu mapato yote ya serikali. Mafuta hayo yalipita kwenye bomba la kwenda Port Sudan. Januari 2012, nusu mwaka baada ya uhuru, Juba ilifunga visima kwa ugomvi wa ada za bomba. Ukikata fedha zinazonunua amani, unabaki na nini?

Tarehe 15 Desemba 2013, miezi 29 baada ya bendera kupandishwa, risasi zililia katika kambi za Juba kati ya wanajeshi wa Rais Salva Kiir na wale wa upande wa Machar, na ndani ya siku chache watu wakawa wanauawa nyumba kwa nyumba kwa kuulizwa lugha. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria vifo vya ziada karibu 383,000 katika miaka minne na kitu ya vita. Zaidi ya milioni mbili walikimbilia nchi jirani, na Uganda ikapokea wengi kuliko zote. Tangu uhuru hakuna uchaguzi mkuu uliofanyika. Ulioahidiwa umeahirishwa mara kadhaa, mara ya mwisho ukasogezwa hadi Desemba 2026.

Hargeisa walifanya nini tofauti? Kwanza tusiwatie asali. Walipigana wao kwa wao mwaka 1992 kugombea bandari ya Berbera, wakapigana tena kuanzia 1994 hadi 1996 Hargeisa na Burao. Tofauti ni kwamba baada ya kila vita walikaa. Baada ya vita vya Berbera wakakaa mji wa Sheikh mwaka 1992, wakakaa Borama kwa miezi mwaka 1993, wakakaa Hargeisa kuanzia 1996 hadi 1997. Wazee wa koo, wale wanaoitwa Guurti, walisuluhisha, wakagawana madaraka kati ya koo, na baraza lao likafanywa kuwa sehemu ya bunge. Chakula cha wajumbe kilitoka kwa sehemu kubwa kwa koo zenyewe na wafanyabiashara. Serikali haikuwa na mafuta wala misaada mikubwa ya kununulia mtu. Ilibidi iwabembeleze wafanyabiashara wa mifugo wakubali kutozwa ushuru Berbera, na anayetozwa kwa kubembelezwa ana neno la kusema.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa mwaka 2003. Egal, aliyekuwa rais wa Somaliland tangu Borama, alikufa Mei 2002, na makamu wake Dahir Riyale Kahin akaapishwa bila fujo. Riyale hakuwa Isaaq, alikuwa Gadabuursi, na zaidi ya hayo aliwahi kufanya kazi katika usalama wa taifa wa Siad Barre, ule ule uliowatesa watu wa kaskazini. Aprili 2003 aligombea dhidi ya Ahmed Silanyo, aliyekuwa mwenyekiti wa SNM. Riyale akashinda kwa kura 80. Kura themanini, nchi nzima! Silanyo alilalamika, akaenda mahakamani, akashindwa, wazee wakamshika mkono, na wapiganaji wake wa zamani hawakuchukua bunduki. Miaka saba baadaye Silanyo akashinda, na Riyale akaondoka. Novemba 2024 upinzani ulishinda tena na rais aliyekuwa madarakani, Muse Bihi, akampisha Abdirahman Irro. Chaguzi zao huchelewa, mara nyingi kwa miaka, na waandishi wa habari hukamatwa. Lakini rais anayeshindwa hufungasha.

Sasa uchague lipi

Kama kinachokugusa ni haki ya kuondoka, Sudan Kusini ndiyo yenye madai mazito, na sababu si Kiarabu dhidi ya Kidinka wala msikiti dhidi ya kanisa. Ni ahadi tatu zilizovunjwa, ya pili ikiwa imejaribiwa ikafanya kazi. Vita vya 2013 haviifuti haki hiyo. Mwanamke aliyetoka kwenye nyumba ya kipigo hatumwambii arudi kwa kuwa maisha ya kupanga yamemshinda. Makosa ya Kiir na Machar ni ya Kiir na Machar. Hayaipi Khartoum ya 1983 cheti cha usafi.

Kama unapima kwa sheria ya mipaka, Somaliland iko mbele. Na kama unachouliza ni nani aliyestahili kukabidhiwa dola, mimi sioni hata pa kushindania: ni Somaliland, na aibu ya kuiacha mlangoni kwa miongo mitatu ni ya Afrika yote, pamoja na Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, iliyoipokea Sudan Kusini mwaka 2016 na Somalia mwaka 2023 bila kuuliza Hargeisa inasemaje.

Ukitaka kuvitumia vipimo hivi nyumbani, anza na kile cha njia ya kati, kwa kuwa ndicho kinachopunguza kelele haraka. Waliodai Pwani si Kenya walikuwa na zaidi ya utamaduni. Walikuwa na makubaliano ya 1963 juu ya ukanda wa pwani wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, na walikuwa na malalamiko ya kweli ya ardhi. Lakini tangu 2013 kuna serikali za kaunti, na njia hiyo bado haijatumika ikaisha. Zanzibar nayo, kabla mtu hajataja kuvunja muungano, kuna rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ya serikali tatu ambayo wananchi hawajawahi kupewa waipigie kura. Addis Ababa ya 1972 ilijaribiwa miaka 11. Sisi hatujafika huko, na sioni sababu ya kuruka hatua ambayo Garang mwenyewe hakuiruka.

Somaliland yenyewe ina deni moja, na wanaoitetea, mimi nikiwamo, hatuna ruhusa ya kulinyamazia. Mashariki, mjini Las Anod, Wadhulbahante wengi hawakuutaka uhuru ule. Februari 2023 wazee wao walitamka kwamba wanataka kuwa chini ya Mogadishu moja kwa moja. Mapigano yakazuka, na mji ukapigwa kwa mizinga na jeshi la Somaliland kwa miezi, hospitali ikiwemo, watu kwa makumi ya maelfu wakakimbia, hadi Agosti jeshi hilo liliposhindwa na kupoteza kambi yake ya Goojacade nje ya mji. Hargeisa inasema mpaka wa 1960 ni mmoja na haukatwi. Ni jibu sahihi kisheria. Ila mji uliowahi kupigwa mabomu na serikali yake yenyewe ulipaswa kuwa wa mwisho duniani kulitoa kwa mizinga. Wazee wa Borama walikaa miezi kwa ajili ya koo zilizokuwa zimepigana nao upande wa Siad Barre, na Wadhulbahante walikuwapo. Kikao kama kile na Las Anod hakijafanyika, na wakili yeyote wa Somaliland aanze kwa kukidai hicho, kabla ya kudai kiti cha Umoja wa Afrika Addis Ababa.